Diplomasia ya Umma Siyo Uchawa

Makamanda, mwezi wa nne mwaka 2025 nilikaa mbele ya watu watatu nikiomba ufadhili wa kwenda kusoma shahada ya uzamili ya diplomasia ya umma na mawasiliano ya kimataifa. Nina miaka 22, nipo mwaka wa mwisho wa sheria, na siku hiyo nilivaa koti la kuazima kwa mwenzangu wa hosteli ambalo mikono ilikuwa inafika kwenye vidole. Wale watu sitawataja, wala ofisi yao. Maswali mawili ya kwanza yalikwenda vizuri tu. La tatu likaja hivi: "Ukishasoma, utasaidiaje kusafisha taswira ya nchi yetu huko nje, hasa kipindi hiki ambacho kuna Watanzania wenzetu wanaichafua?"

Ilikuwa kama wiki mbili tangu Mwenyekiti wetu, Tundu Lissu, akamatwe Mbinga tarehe 9 Aprili na kesho yake kusomewa shtaka la uhaini pale Kisutu. Kwa hiyo kila mtu mle ndani alijua ni Watanzania gani wanaosemwa.

Nikajibu kwamba kabla ya kusafisha ningeuliza kwanza uchafu umetokea wapi. Mmoja akacheka kidogo. Mwingine akaandika kitu. Yule mzee wa katikati akavua miwani, akaniambia kwa upole kabisa, kama mzazi: "Binti yangu, sisi tunatafuta mabalozi, hatutafuti wanaharakati."

Nafasi sikupata. Sijui kama jibu lile ndilo lililoniponza, na sitadai hivyo. Waombaji tulikuwa wengi, na wapo walionizidi matokeo, hilo nalijua kwa uhakika. Lakini ile sentensi ya mzee imenikaa kichwani mpaka leo. Nimekuja kugundua kuwa inaaminiwa na watu wengi mno, wakiwemo baadhi yenu humu mnaoniambia "kamanda, diplomasia ni kozi ya machawa." Yaani mzee wa CCM na kijana wa upinzani wanakubaliana jambo moja, kwamba kazi ya diplomasia ya umma ni kusifia. Wote wawili wamekosea, na kosa lao lina gharama.

Tuanze na somo lenyewe, maana watu wanalibishia bila kulifungua. Jina hili kwa maana inayotumika leo lilianza kutumika mwaka 1965, pale Chuo Kikuu cha Tufts nchini Marekani, na aliyelitoa ni Edmund Gullion, mkuu wa shule ya Fletcher. Huyu bwana alikuwa ametoka kuwa balozi wa Marekani Kongo, enzi za Leopoldville, kipindi kile cha moto baada ya Lumumba. Hoja yake ni rahisi kueleza. Diplomasia ya kawaida ni serikali kuongea na serikali, milango imefungwa. Diplomasia ya umma ni kuongea na wananchi wa nchi nyingine: wasikilizaji wa redio, wanafunzi, wafanyabiashara, wasomaji wa magazeti, na siku hizi wote wenye bando.

Baadaye wasomi wakalichambua vipande. Mwanahistoria Nicholas Cull, anayefundisha Chuo Kikuu cha Southern California, anasema kuna kazi tano ndani yake. Kuna kutetea msimamo wa nchi. Kuna utamaduni. Kuna kubadilishana watu, wanafunzi na wasomi. Kuna utangazaji wa kimataifa. Na kuna kusikiliza. Sikuitaja ya mwisho kwa bahati mbaya. Kwake yeye kusikiliza ndiko kunakotangulia mengine yote, maana huwezi kumshawishi mtu ambaye hujui anakuonaje na kwa nini anakuona hivyo.

Kusikiliza, makamanda. Na wala haijaandikwa na mwanaharakati. Ni mambo ya darasani, unafanyia mtihani.

Yupo mwingine ambaye ukisoma fani hii huwezi kumkwepa, Edward Murrow. Alikuwa mtangazaji maarufu kabla Rais Kennedy hajampa uongozi wa shirika la habari la serikali ya Marekani. Mwaka 1963 alilieleza Bunge lao jambo ambalo mpaka leo linafundishwa: ili ushawishi lazima uaminike, na ili uaminike lazima useme ukweli. Je, Marekani wenyewe walilifuata siku zote? Hapana, na Wakongo wanaweza kukusimulia usiku kucha. Mwezi wa tatu mwaka 2025 serikali yao wenyewe iliinyamazisha Sauti ya Amerika, na idhaa ya Kiswahili ikazimika nayo. Kwa hiyo siwaleti Wamarekani hapa kama malaika. Nawaleta kwa sababu kanuni waliyoiandika ni sahihi hata kama walioiandika wanaivunja, kama vile Ibara ya 18 ya Katiba yetu ilivyo sahihi hata kama inavunjwa kila wiki.

Na sisi hili somo tunalijua kuliko tunavyodhani, kwa sababu tumekuwa darasani tangu kabla ya uhuru, upande wa wanaoshawishiwa. BBC walianza kututangazia kwa Kiswahili 1957. Redio ya China ikaja 1961, Wajerumani wa Deutsche Welle 1963. Hakuna aliyefanya hivyo kwa sababu anapenda sana ngeli zetu. Babu yangu mpaka anafariki alikuwa haamini habari yoyote ya hapa nchini mpaka aisikie Bush House, na hilo peke yake ni ushindi wa Uingereza sebuleni kwake bila risasi moja. Mnaokumbuka tamthilia ya Kichina ya Doudou na mama wakwe zake iliyotiwa sauti za Kiswahili ikaoneshwa TBC? Mama zetu waliacha mboga ziungue jikoni. Mwaka 2013 Xi Jinping alikuja Dar es Salaam, akaitaja tamthilia hiyo kwenye hotuba yake. Alijua anachofanya. Alikuwa amefanyiwa kazi ya kusikiliza: watu wake walikuwa wameuliza Waswahili wanacheka nini na wanalia nini.

Sasa twende kwetu, kwa sababu ndiko kunakouma.

Januari 1962 Nelson Mandela aliingia Tanganyika akitokea Bechuanaland, akatua Mbeya, akaja Dar es Salaam kuonana na Mwalimu. Hakuwa na pasipoti. Nchi yetu ilikuwa na umri wa mwezi mmoja na siku kadhaa. Tanganyika ikampa karatasi inayosema huyu anaruhusiwa kutoka nchini na kurudi. Mwaka huohuo FRELIMO ikaundwa hapahapa Dar. Mwaka 1963 Kamati ya Ukombozi ya OAU ikaweka makao yake hapa. ANC wakapewa kambi Kongwa, baadaye Mazimbu kule Morogoro wakajenga shule waliyoiita Solomon Mahlangu. Redio Tanzania ikawapa wapigania uhuru muda wa hewani wazungumze na watu wao walioko chini ya makaburu na Wareno. Mtu alikuwa anakaa chumbani Johannesburg amejifungia, redio kwenye sikio, anasikiliza sauti inayotoka Dar.

Ile ndiyo ilikuwa diplomasia ya umma, kubwa kuliko yoyote ambayo nchi maskini imewahi kuifanya barani hapa. Na iliendeshwa na nani? Na wanaharakati wa kigeni! Mondlane alikuwa mwanaharakati wa kigeni. Tambo alikuwa mwanaharakati wa kigeni. Walikuwa wanatukana serikali za kwao wakiwa kwenye ardhi yetu, na sisi tukawapa maikrofoni. Heshima ambayo Mtanzania anaipata mpaka leo akishuka uwanja wa ndege Maputo au Johannesburg imenunuliwa na miaka hiyo. Sisemi zile enzi zilikuwa pepo. Sheria ya kuweka watu kizuizini ilipitishwa 1962 hiyohiyo, na Watanzania waliokaa ndani bila mashtaka wanajua. Nasema tu kwamba nje tulikuwa tunaaminika kwa sababu tulichosema na tulichotenda kuhusu ukombozi vilikuwa kitu kimoja.

Hata chuo chetu cha diplomasia pale Kurasini kimezaliwa humohumo. Kilianzishwa 1978 kwa makubaliano ya Tanzania na Msumbiji, nchi mbili zilizokuwa zimetoka kushikana mikono vitani. Leo kinaitwa kwa jina la Dkt. Salim Ahmed Salim, ambaye alipewa ubalozi wa Misri mwaka 1964 akiwa na miaka 22. Umri wangu. Mimi na miaka yangu 22 naambiwa nisijiulize uchafu unatoka wapi.

Halafu ikaja tarehe 19 Mei 2025. Naomba muisome siku hii taratibu, maana watu wameipitia kama habari za kila siku, wakati ukitaka kufundisha diplomasia ya umma kwa mfano mmoja, mfano ni huu.

Siku hiyo, pale kituo cha mikutano cha Julius Nyerere, Rais Samia alizindua Sera ya Mambo ya Nje ya mwaka 2001, toleo la 2024. Sera ya 2001 ndiyo iliyotuletea diplomasia ya uchumi. Toleo jipya linaongeza mambo mazuri kabisa, kama kukuza Kiswahili na kuwashirikisha Watanzania wanaoishi nje. Kama mwanafunzi wa fani hii ningepiga makofi. Kiswahili ni mtaji mkubwa mno. SADC imekifanya lugha rasmi tangu 2019, UNESCO imekipa siku yake tarehe 7 Julai, na Umoja wa Afrika unakitumia kama lugha ya kazi.

Lakini katika hotuba hiyohiyo, kwenye uzinduzi huohuo wa sera ya kuongea na dunia, Rais akavitaka vyombo vya ulinzi na usalama visiwape nafasi watu wa nje, aliowaita watovu wa adabu, waje kuvuruga hapa kwetu. Na hayakuwa maneno matupu. Siku moja kabla, Martha Karua, waziri wa zamani wa sheria wa Kenya, alizuiwa uwanja wa ndege na kurudishwa kwao. Siku yenyewe akarudishwa Willy Mutunga, Jaji Mkuu mstaafu wa Kenya. Walikuwa wanakuja kukaa kwenye benchi la mahakama Kisutu na kusikiliza kesi. Kusikiliza tu! Boniface Mwangi wa Kenya na Agather Atuhaire wa Uganda, ambaye ni mwanasheria na mwandishi wa habari, wao waliingia, wakakamatwa, wakapotea siku kadhaa. Mwangi alikuja kuonekana Ukunda, Atuhaire akatupwa mpakani Mutukula. Wote wawili wameeleza hadharani kwamba waliteswa, na wameeleza mambo ambayo mimi kama mwanamke nashindwa kuyaandika hapa. Kama ni uongo, uchunguzi huru ungemaliza ubishi kwa wiki moja. Uko wapi?

Na tarehe 20 mtandao wa X ukazimwa. Mpaka naandika haya unaingia kwa VPN, na VPN yenyewe tangu Oktoba 2023 TCRA inataka uisajili.

Sasa nirudi kwa mzee wangu wa ile meza. Mzee, nani ameichafua nchi wiki ile? Mimi niliyeandika posti yenye watu mia mbili walioipenda, au aliyemrudisha Mutunga uwanja wa ndege? Mutunga ni mtu ambaye hukumu za mahakama yake tunafundishwa darasani. Nchi iliyompokea Mandela hana pasipoti imemrudisha Karua akiwa na pasipoti mkononi. Hakuna chawa duniani, hata ukimsomesha mpaka shahada ya tatu, anayeweza kukaa Nairobi akalielezea hilo likaeleweka. Utamtuma kijana msomi kwenye kipindi cha televisheni, ataulizwa swali moja la kwanza, atatoka jasho, atasema "masuala ya ndani ya nchi yetu yaheshimiwe." Hiyo ni sentensi ya mtu aliyeishiwa.

Na kisheria hata hiyo haisimami. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, Ibara ya 6 na ya 7, unazibana nchi wanachama kwenye utawala bora, demokrasia na utawala wa sheria. Tulisaini wenyewe, bila kulazimishwa, na makao makuu ya Jumuiya tumeyaweka Arusha. Mahakama yake ilishatuambia Machi 2019 kwamba vifungu kadhaa vya Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 vinakiuka Mkataba. Kwa hiyo Mkenya akiuliza kuhusu Kisutu siyo umbea wa jirani. Anauliza kuhusu mkataba ambao na yeye ni sehemu yake.

Arusha hiyohiyo iko Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Mwaka 2013 mahakama ile ilimpa ushindi Mchungaji Mtikila kuhusu mgombea binafsi. Tukaenda tukaikaidi, na Novemba 2019 Tanzania ikajiondoa kwenye tamko linalomruhusu mwananchi na asasi kwenda pale moja kwa moja. Hebu fikiria. Jengo liko kwetu, walinzi wa getini ni Watanzania, chakula cha majaji kinanunuliwa sokoni kwetu, ila Mtanzania wa kawaida hawezi kufungua kesi mpya humo. Mtu wa Malawi anaweza. Nikiwa darasani mwaka wa tatu nilimuuliza mwalimu tutalielezaje hili kwa wageni. Akasema "swali zuri," akaendelea na slaidi.

Najua jibu la upande wa pili, na ni haki nilitaje: Royal Tour. Filamu ile aliyoigiza Rais na Peter Greenberg ilizinduliwa New York Aprili 2022, ikaja Arusha tarehe 28 mwezi huohuo. Tusiwe wabishi wa kijinga. Watalii wameongezeka kweli, mwaka 2024 walivuka milioni 2. Dereva wa utalii wa Moshi anakula, na mimi nafurahi anakula.

Ila ile ni biashara ya kuuza safari, na mtalii anakuja kuona simba, siyo kuamini neno letu. Wiki sita baada ya uzinduzi wa Arusha, tarehe 10 Juni 2022, Loliondo kukalipuka wakati wa kuweka mipaka kwenye ardhi ya wafugaji. Askari polisi mmoja akauawa, wananchi wakajeruhiwa, wengine wakavuka kwenda kutibiwa Kenya. Picha zao zikazunguka dunia bila kuhitaji uzinduzi New York. Aprili 2024 Benki ya Dunia ikasimamisha fedha za mradi wa hifadhi za kusini kwa sababu ya malalamiko ya wanavijiji wa Ruaha. Ndivyo inavyokuwa. Filamu inaweza kuleta mtalii, lakini mama wa Kimasai aliyeshika simu anaweza kuleta kikao cha Benki ya Dunia. Na kama serikali ingemsikiliza yule mama mapema, kabla ya kamera, isingehitaji kupoteza fedha wala sura.

Kuna profesa mmoja wa Harvard, Joseph Nye, aliyetupa lile neno la nguvu laini, yaani nguvu ya kuvutia badala ya kulazimisha au kuhonga. Alifariki Mei 2025 akiwa na miaka 88. Alichokuwa anasema miaka yote ni kwamba mvuto wa nchi unatoka kwenye utamaduni wake, maadili yake ya kisiasa pale inapoyaishi, na sera zake za nje pale zinapoonekana ni za haki. "Pale inapoyaishi" ndiyo sehemu ambayo vitini vyetu huwa vinairuka.

Sasa niwageukie nyie, makamanda, na mniwie radhi.

Sisi nasi hatuijui hii kazi. Mapema Mei Bunge la Ulaya lilipopitisha azimio kuhusu kesi ya Mwenyekiti, magrupu yote yalijaa moto na ngumi. Vizuri, na mimi niliposti. Lakini tujiulize azimio la Strasbourg linamshawishi nani Lilongwe? Linamshawishi nani Lusaka, Gaborone, Maputo? Waangalizi wa uchaguzi wa Oktoba 2025 waliotarajiwa kuja kwa uzito walikuwa wa SADC, na mwenyekiti wa Asasi ya Siasa, Ulinzi na Usalama ya SADC mpaka Agosti 2025 alikuwa Rais wetu huyuhuyu. Hivi kuna kijana gani kati yetu ameandika makala moja gazeti la Zambia? Nani ameongea na chama cha wanasheria cha Botswana? Tunaandika Kiingereza kirefu kwa Wazungu halafu jirani yetu anabaki na toleo la TBC.

Kinachonishangaza zaidi ni kwamba tuna lugha. Mtu wa Bujumbura, wa Goma, wa Lubumbashi, wa Mombasa anatuelewa bila mkalimani. China inalipa watu mshahara wajifunze Kiswahili ili waongee nao, sisi tumezaliwa nacho tunakitumia kutukanana na machawa kwenye komenti mpaka saa nane usiku. Halafu mtu anamaliza bando anasema amepigania nchi.

Na lile la uongo. Tumewahi kusambaza picha ya maandamano ya nchi nyingine tukasema ni ya kwetu. Mnajua, msijifanye. Siku ile nilimfuata inboksi mmoja wetu nikamwambia afute, akaniambia "kamanda, cha msingi ni ujumbe." Hapana. Chombo cha habari cha kigeni kikikukamata na picha moja ya uongo, ushahidi wako kumi wa kweli unakwenda na maji. Hapo ndipo ninapomkumbuka Murrow, na hapo ndipo ninaposema kusoma kunahitajika hata kwetu sisi ambao tuna haki upande wetu. Kuwa na haki hakukufundishi namna ya kuhakiki video, namna ya kumweleza mwandishi wa Johannesburg kesi ya uhaini kwa dakika mbili, wala namna ya kujua msikilizaji wako anaogopa nini.

Kwa hiyo mnaoniuliza inboksi kama niachane na hii kozi: siachani. Na ninataka twende wengi. Chevening ya Waingereza huwa inafunguliwa Agosti, ila inataka uwe na uzoefu wa kazi wa miaka miwili, kwa hiyo wenzangu tunaomaliza sasa tusipoteze muda nayo. Nyie mnaofanya kazi tayari, ombeni. Deutsche Welle wana chuo chao Bonn kinachotoa shahada ya uzamili ya masomo ya vyombo vya habari vya kimataifa, kwa watu waliowahi kufanya kazi za habari. Beijing kuna chuo kikuu cha mawasiliano, na serikali ya China inasomesha Waafrika. Kurasini pako hapahapa, unapanda daladala ya Mbagala unashuka, na wana masomo ya baada ya shahada ya kwanza. Msipadharau eti kwa sababu ni pa serikali. Pamejengwa kwa kodi ya bibi yako.

Ila mwende macho wazi. Mfadhili naye anakufanyia diplomasia ya umma. Mjerumani hakusomeshi kwa sababu umeandika barua nzuri, anataka miaka ishirini ijayo ukiwa waziri umkumbuke. Mchina vilevile, Mwingereza ndiyo usiseme, ameanza zamani. Hakuna ubaya, ilimradi ujue. Kula chakula, soma vitabu vyake, uliza maswali, na ukirudi urudi na akili yako.

Kuhusu tahadhari, kuna mhadhiri mmoja anayenipenda kwa dhati amenishauri nifute maandishi yangu yote mitandaoni kabla sijaomba tena. Nimelifikiria siku mbili, sio uongo. Mama yangu naye amepiga simu kutoka nyumbani akasema, "Mwanangu, soma kwanza, siasa utazikuta." Namheshimu mama yangu, nimemjibu "nimesikia mama," na nimesikia kweli. Lakini nikifuta, nitakuwa nimeanza kazi ya diplomasia kwa kuficha, na nimeshasema hapo juu kazi hiyo inaanzia wapi. Nimefuta posti mbili tu. Moja nilimtukana mtu, na nyingine ndiyo ile picha ya maandamano. Ndiyo, na mimi niliisambaza.

Maombi mapya nimeanza kuyaandika. Sehemu ya maelezo binafsi inauliza kwa nini unataka kusoma fani hii, maneno mia tano. Nimeandika kuhusu tarehe 19 Mei, na kuhusu yule Jaji Mkuu mstaafu aliyekuja kukaa kwenye benchi akarudishwa. Anayejua Kiingereza cha mahakama vizuri anisomee kabla sijatuma, nakubali kukosolewa.

Tarehe 16 Juni 2025 kesi ya Mwenyekiti ilipangwa kutajwa tena Kisutu. Mimi nilikuwa na mtihani wa sheria ya kimataifa asubuhi hiyo, wa kuisha saa tano. Nilipanga nikitoka nije moja kwa moja, na mkikuta foleni getini mniwekee nafasi.